Usiseme "Kazi Yoyote"

Wewe mwenye bahasha ya kaki mkononi, iweke chini kwanza. Haitatoroka. Najua iliyomo: nakala za vyeti, barua ya chifu, na ile karatasi ya wasifu uliyochapishiwa saiba, kwenye duka la kompyuta hapo Rangwe, na kijana aliyekuandikia maneno yale yale aliyomwandikia jirani yako. Wenzako hupita kwangu kila wiki wakiniuliza, "Jaduong', nikikutana na mwajiri nimwambie nini?" Jaduong' ndiye mzee kwa Kijaluo, na mimi sikatai, umri ninao. Nimechoka kurudia, ndiyo maana leo naandika.

Nitaanza na lile usilopaswa kusema. Usiseme "kazi yoyote." Hata kama tumbo linanguruma, hata kama mwenye nyumba ametia kufuli lake juu ya lako. Ukisikia maneno hayo mawili yanapanda kooni, yameze. Mimi niliyatema, yakanikalia miaka thelathini na moja.

Nilikuwa askari wa geti. Kiwanda chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Homa Bay, kinasaga omena, wale dagaa wa ziwani, na mashudu ya alizeti kuwa chakula cha kuku, na jina lake nitaliacha hapo hapo getini. Harufu yake mke wangu Bhoke aliizoea kabla hajanizoea mimi. Padri amesikia dhambi nyingi, lakini sidhani zinafika idadi ya watu niliowasikia mimi wakiomba kazi. Walikuja na tai, walikuja peku, walikuja na mama zao. Kwa hivyo msiniambie kuna mtu kwenye simu anayefundisha mambo haya kwa Kiingereza. Yeye amekaa wapi? Mimi nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, nikaona nani ameingia na nani amegeuka.

Sasa sikieni aibu yangu, niimalize mapema. Siku ya kwanza kufika pale nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na cheti cha chuo cha ufundi kimelowa jasho ndani ya shati. Cheti kilisema Joash ni fundi wa pampu. Na kweli nilikuwa fundi. Pampu ya mkono, pampu ya dizeli, niliweza kusimama kando yake nikasikiliza, nikakwambia kinachouma. Meneja wa wakati huo akaniuliza swali zuri kabisa: "Unataka nini?" Nikainamisha kichwa nikasema, "Kazi yoyote, mkubwa."

Basi akanipa yoyote. Akanipa rungu, kofia na kile kiti, akasema ni kwa muda. Kwa muda! Kile cheti hakukiulizia, na mimi sikukitoa. Miaka mingi nilimlaumu yeye, nikimsema vibaya hata kwenye maombi. Lakini mtu akikuuliza unataka nini ukamwambia chochote, akikupa chochote amekukosea nini?

Sasa tuje kwenye hatua arobaini. Kutoka mahali meneja anaposhuka garini hadi mlango wa ofisi ni hatua arobaini, nimezihesabu mvua na jua. Huo ndio wakati wako. Ofisini huingii, karani atakwambia acha bahasha, na bahasha nimeziona zinakopelekwa. Mama chai huzitumia kuwashia jiko. Unazo hatua arobaini, na meneja akipigiwa simu unabaki na kumi.

Nakumbuka kijana mmoja, tai nyekundu, viatu vinang'aa mpaka unajiona. Akamfuata Bwana Twalib. Huyu Twalib ndiye meneja wa miaka yangu ya mwisho, mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka, na ukikosea neno mbele yake anakutazama kana kwamba umemkanyaga kidole. Kijana akaanza kukariri: "Mimi ni mchapakazi, najituma, naelewana na watu wote, na ninaweza kufanya kazi chini ya presha."

"Hapa mwenye presha ni boila, bwana mdogo," Bwana Twalib akasema. "Wewe unafanya nini?"

Kijana akapotea. Unajua alifanya nini? Alirudi mwanzo: "Mimi ni mchapakazi, najituma..." Mlango ukafungwa. Nilimpa maji ya kunywa. Alikuwa amesomea hesabu za stoo, na wiki hiyo hiyo stoo walikuwa wakilia kwamba magunia hayalingani na vitabu! Angesema tu hivyo. Lakini kwenye yale maneno ya saiba hakukuwa na gunia hata moja.

Mwingine alianza na kifo cha baba yake. Alieleza ugonjwa, akaeleza hospitali, akaeleza jinsi wajomba walivyogombania ng'ombe, na hatua ya arobaini ikafika marehemu bado hajazikwa. Bwana Twalib alimpa pole ya kweli, kwa mikono miwili, akaingia ndani. Msinielewe vibaya. Shida zetu ni za kweli na mimi sizichekei. Lakini mwenye kiwanda ukimpa machozi atakurudishia pole, na pole hailipi karo. Mpe kazi ndiyo akurudishie kazi.

Mzee Okumu, Mungu amlaze pema, ndiye aliyenifundisha geti. Alikuwa na hasira moja nzuri sana kuhusu jambo hili. Sisi tuna pakruok, nyote mnaijua: mtu kwenye sherehe anasimamisha muziki, anasimama katikati ya watu, anajisifu jina lake, ukoo wake, na ng'ombe ambao jirani zake hawajawahi kuwaona. Okumu alikuwa akiutazama ule mstari wa vibarua asubuhi na kunong'ona, "Yule pale, yule wa shati la bluu. Juzi Jumamosi alisimamisha muziki akajiita ndume wa Lambwe anayekunywa maji upande wa juu wa mto. Sasa msikilize."

Na tukamsikiliza. "Nisaidie tu, mkubwa. Kazi yoyote."

"Yawa!" Okumu akapiga mguu chini. "Pakruok ya Jumamosi huenda wapi Jumatatu?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo. Tunajua kujisifu kuliko watu wote nchi hii, lakini mbele ya mtu mwenye ufunguo wa ofisi shingo inalegea. Sisemi umwambie meneja wewe ni ndume. Nasema ile sauti uliyonayo Jumamosi ibebe Jumatatu, uache nyumbani wale ng'ombe wa uongo.

Sasa nifike kwa Pamela, maana ndiye aliyenifanya nitie akili.

Pamela Atieno alikuja Jumanne moja asubuhi, binti wa miaka kama ishirini na sita, buti za kiume miguuni, na mikono imejaa vidoadoa vya moto hadi kwenye kiwiko. Nikajua huyu ni mtu wa kuchomelea vyuma. Cheche humwandika mtu hivyo. Nilijua, na nikanyamaza. Askari wa geti hufundishwa kunyamaza.

Bwana Twalib akashuka garini. Pamela akamfuata, macho chini. "Habari ya asubuhi, mkubwa. Naomba kasi yoyote."

Ulimi wa Kijaluo hauna z, tunaigeuza s, na kwa hilo hatuombi mtu msamaha. Lakini Mombasa kasi ni mbio. Bwana Twalib akasimama. "Kasi?" akasema. "Unataka kasi gani, ya pikipiki au ya gari?"

Vibarua wakaangua kicheko, na nusu yao walikuwa wameomba kasi hiyo hiyo dakika tano zilizopita. Sidhani Twalib alikusudia kuumiza. Watu wa kwao huchezea maneno kama watoto wanavyochezea mpira. Ila Pamela alitamani ardhi ipasuke. "Hata kufagia," akasema, sauti imekwisha. Akapewa ufagio.

Nilijiona mimi mwenyewe. Nilitaka kupiga kelele, mwacheni, huyo si wa ufagio! Nikafungua geti, nikafunga geti.

Alifagia miezi saba. Mchana alikuja kula nyoyo yake, mahindi na maharagwe, kwenye kivuli cha kibanda changu. Siku moja nikamwuliza ile mikono.

"Macalder, kule migodini," akasema. "Nilikuwa nachomelea zile ngoma za kusagia mawe ya dhahabu. Miaka sita. Ngoma ikipasuka, wachimbaji wote wanakaa, kwa hivyo unaitwa mbio."

"Na ukaondoka kwa nini?"

"Mwenye mashine aliuza kila kitu akaenda zake." Akaweka kijiko chini. "Jaduong', nikwambie kitu? Juzi nilishika kijiti, nikajaribu kuchora mstari kwenye mchanga, vile unavyopeleka moto. Mkono ukatetemeka. Ufagio umeuharibu. Naogopa unasahau, na ukisahau mimi nitakuwa nani?"

Hilo lilinichoma, maana mimi nilijua jibu. Mkono ukisahau unakuwa askari wa geti.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Kiwandani kulikuwa na ngoma ya kukaushia omena, chuma kikubwa kinachozunguka juu ya moto. Ilikuwa ikipasuka kila mara. Inapakiwa kwenye lori, inapelekwa Kisumu, inachomelewa, inarudi, inapasuka tena. Ndani ya miezi saba nilikuwa nimeandika mara nne kwenye kitabu changu cha geti: ngoma imetoka, ngoma imerudi. Watu hudharau kitabu cha geti, lakini kinajua ugonjwa wa kiwanda kuliko daktari wake. Kwa hivyo kabla hujamsalimia meneja msalimie askari, msalimie mama chai, mwulize dereva wa lori anabeba nini na kwa nini. Ukijua kinachowauma hutahitaji kusema wewe ni mchapakazi.

Nikamwonyesha Pamela kile kitabu. Alisoma mistari minne, akanyanyua uso. "Inapasukia wapi?"

"Pale karibu na mdomo. Pale pale kila mara."

"Wanaufunika ufa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ya kweli. "Hawauchimbi. Wanapaka chuma juu na chini unaendelea kutembea."

Basi kila mchana tukawa tunafanya mazoezi nyuma ya kibanda. Mimi nilikuwa Twalib. Nilitembea mikono nyuma, tumbo mbele, na yeye ananifuata na ufagio.

"Shikamoo bwana, samahani kwa kukusumbua, mimi naitwa Pamela, nimezaliwa Nyatike, kwetu tuko tisa..."

"Hatua kumi zimekwisha na bado mnazaliwa."

Alicheka mpaka akajishikiza kwenye ufagio. Tukarudia.

"Bwana, naomba unisaidie..."

"Kinachoombwa ni chumvi, nyathina, mwanangu. Yeye ndiye mwenye shida. Ngoma ni yake."

"Nikisema najua, ataona najidai."

"Kwani hujui?"

"Najua."

"Basi hujajidai. Umesema ukweli tu."

Alinisumbua sana juu ya ile kasi. Alikuwa amejaribu nyumbani kusema zzz mbele ya kioo, mpaka jirani akauliza kama kuna nyuki. "Nikisema tena kasi watacheka. Niseme ajira?"

Hapo nilikasirika, nakiri. "Sema kasi! Hiyo ngoma haijui herufi. Mtu akicheka ulimi wako, mwonyeshe mkono wako. Wewe umekuja kufanya kazi, hukuja kusoma taarifa ya habari."

Akanigeukia. Mabinti wa Nyatike wana ukali wao. "Na wewe, Jaduong', siku yako ulisema nini?"

Nikamwambia. Cheti, jasho, mkubwa, yote. Hakucheka.

"Pampu?" akasema.

"Pampu."

"Na ile ya kisima inayolia kila asubuhi?"

"Ni beringi," nikasema kabla sijafikiri. "Imekwisha mwaka wa pili huu."

"Umemwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka mzima na zaidi naisikia pampu ikilia, najua dawa yake, na nimenyamaza kama ule ukuta. Jioni nilimweleza Bhoke. Bhoke ni Mkuria, hapaki maneno sukari. "Wewe unafundisha watu kuogelea," akasema, "na nguo zako hazijawahi kulowa."

Siku ikafika. Bwana Twalib akashuka, simu sikioni. Pamela akaegemeza ufagio ukutani, akaanza kutembea kando yake. Hatua kumi, simu. Ishirini, simu. Thelathini, simu ikazimwa. Zimebaki kumi!

"Bwana Twalib, naitwa Pamela Atieno. Ngoma inayokwenda Kisumu ninaweza kuichomelea hapa isipasuke tena."

Ndiyo. Alikata kila kitu akabakiza mfupa. Lakini Bwana Twalib alimtazama, akautazama ule ufagio ukutani. "Na nani atafagia?"

"Utamtafuta anayetaka kufagia," Pamela akasema.

Twalib akafungua mlango, akaingia, akafunga. Pamela akarudi kuchukua ufagio, uso umemwiva. "Nimejiharibia," akaniambia. "Afadhali ningenyamaza."

"Hujaharibu. Amekusikia."

"Kusikia ndiyo nini?"

Wiki mbili zikapita hakuna neno. Pamela akaacha kuja kula kivulini. Nikimwita anasema ana kazi upande ule. Nilijua anachofanya, nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Hivyo ndivyo mtu huanza kukizoea kiti.

Kisha ngoma ikapasuka tena. Asubuhi ya Ijumaa lori likaja getini limeibeba, dereva akapiga honi. Akanipa karatasi ya kutolea mzigo. Niliisoma. Imesainiwa na stoo, kama siku zote.

Sasa, ukutani mwa kibanda changu kulikuwa na tangazo la zamani, limejaa vinyesi vya nzi, lililosema mashine haitoki bila sahihi ya meneja mwenyewe. Hakuna aliyelifuata. Mimi mwenyewe sikulifuata. Lakini asubuhi hiyo nilimtazama Pamela kule mbali anafagia kona ambayo ameshaifagia mara mbili, na nikasikia miaka yangu yote inanipanda kichwani.

"Haitoki," nikasema.

"Mzee, acha mchezo," dereva akasema.

"Haina sahihi ya meneja."

"Si ni vile vile kila siku?"

"Leo si kila siku. Nenda kamwite."

Nikapiga kufuli geti, ufunguo nikautia mfukoni. Kisha nikamwita Pamela, nikamwambia tu kwamba hapa getini kuna takataka nyingi leo. Alinitazama, akalitazama lori, akaja.

Bwana Twalib akatoka ofisini. Hatua arobaini, na safari hii mtembeaji ni yeye, na jua lilikuwa kali.

"Joash, umemfungia dereva?"

"Karatasi haina sahihi yako, bwana."

"Miaka yote stoo ndio husaini."

"Miaka yote nimekosea, bwana. Sheria ile pale ukutani. Imetoka ofisini kwako."

Alilisoma tangazo. Alilisoma lote, maana ni mtu wa kuheshimu maandishi. Akatoa kalamu. Na kabla kalamu haijagusa karatasi, Pamela alikuwa ameshapanda kwenye lori, ufagio ameuacha chini, kidole kiko juu ya ule ufa.

"Bwana Twalib, mimi ni Pamela Atieno. Kasi yangu ni kuchomelea ngoma, nimeifanya Macalder miaka sita. Hii inapasuka hapa hapa kwa sababu ufa unafunikwa, hauchimbwi, na mwisho wake hautobolewi shimo, kwa hivyo unaendelea kutembea chini. Niachie leo na kesho. Ikipasuka tena mahali hapa, nitarudi kwenye ufagio bila kuitwa."

Akanyamaza. Hapo ndipo watu wengi huharibu, wanaongeza "tafadhali", wanaongeza "nitashukuru sana". Yeye alinyamaza, akamwachia mtu nafasi ya kufikiri. Dereva alikuwa amezima injini. Twalib alinyoosha mkono, akaupapasa ufa.

"Kasi yako," akasema polepole.

Nililibana rungu. Nawaapia, angecheka siku hiyo ningestaafu pale pale, kwa hiari au kwa polisi.

"Haya," akasema. "Shusheni ngoma. Tuone hiyo kasi."

Hakuna aliyecheka.

Niliacha geti kwa mwenzangu nikaenda kuchungulia karakana. Mara ya kwanza kijiti cha kuchomelea kiling'ang'ania chuma. Mara ya pili vile vile, na mafundi wanaume wakaanza kukohoa kile kikohozi chao. Pamela akainua kinyago, akafuta jasho, akautikisa mkono kama anauamsha. Mara ya tatu moto ukaimba. Ngoma hiyo, mpaka naondoka, sikuiandika tena kwenye kitabu changu kwamba imetoka. Ufagio alipewa mtu aliyeutaka, na leo Pamela ndiye msimamizi wa karakana.

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha mzigo. Bwana Twalib aliniletea mwenyewe getini. "Sahihi yangu hii hapa, Joash," akasema. "Umeridhika?" Niliipokea kwa mikono miwili. Ninayo mpaka leo, nimeiweka pamoja na kile cheti, na kati ya karatasi hizo mbili sijui ipi ninaipenda zaidi.

Kabla ya kustaafu nilimwambia habari ya beringi ya kisima. Alishangaa. Fundi akaja, akakuta ni beringi. Siku ya kuniaga waliweka soda na keki uwanjani, na Bwana Twalib akasema kama wasemavyo watu wote, "Mzee wetu, tuambie maneno mawili."

"Maneno mawili niliyasema siku nilipofika hapa," nikajibu. "Yalinitosha. Leo nitasema mengine. Mimi ni Joash, na mimi ni fundi wa pampu."

Watu walicheka wakidhani ni utani wa kuagana. Pamela hakucheka. Wiki iliyofuata alinitumia pampu mbovu kutoka vyuma chakavu, imefungwa kwenye gunia, bila barua. Niliifungua na kuifunga mara tatu, na kila nikimaliza kipande kimoja kinabaki mezani. Bhoke anapita, anakiinua, "Na hiki ni cha nani?" Mara ya nne hakikubaki. Nikaiwasha, na Bhoke akaacha kuuliza, akaleta ndoo.

Kwa hivyo msije kwangu kuniambia umri umekwenda, au ulimi wenu ni mzito, au nchi ni ngumu. Nchi ni ngumu, nani amekataa? Lakini ulisomea kitu, au ulifanya kitu, na mkono wako unakijua. Kitaje. Kitaje kabla hujataja shida, na ukikitaja, funga mdomo.

Mwezi uliopita nilikuwa Lambwe, kwa mkulima wa vitunguu ambaye pampu yake ya dizeli ilikuwa imekufa na kitalu kinanyauka. Kabla sijaonyeshwa hata hiyo pampu, akanitolea redio ya mtoto wake niitengeneze. Nikasema hapana. Akasukuma pikipiki, haishiki moto. Nikasema hapana.

Akanishangaa. "Jaduong', kwani wewe hufanyi kazi yoyote?"

"Niliifanya miaka thelathini na moja," nikamwambia. "Iko wapi pampu?"